Msaidizi, Mkanda wa Kahawia

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nililinunua la mahudhurio, lakini wanafunzi wamepungua na kurasa zimebaki, basi nitaandika mengine. Leo imekuja barua ya mwenye jengo. Anasema kuanzia mwisho wa mwezi huu kila mpangaji anayepokea watu awe na bima ya dhima, yaani mtu akiumia mikononi mwangu, awepo wa kumlipa. Nisipokuwa nayo nirudishe funguo. Miaka ishirini na mbili nafundisha judo ghorofa ya pili ya jengo lake, hajawahi kupanda ngazi kuona tunafanya nini, leo ameota tunavunjana shingo.

Nilimwonyesha mdogo wangu wa kike. Ndiye kitindamimba wa nyumbani kwetu, na sote tunamwita Kitinda ingawa ana miaka thelathini na sita. Asubuhi anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, na Jumanne na Alhamisi jioni ananifundishia darasa la wanaoanza. Aliisoma barua mara mbili, akasema, "Kaka, mzee wa watu kasema kweli. Mimi huwa naogopa kila siku." Nikamjibu kwamba mwalimu akiogopa, mwanafunzi ataanguka vibaya. Akaikunja barua, akanirudishia. Kitinda ana namna ya kukunja karatasi inayomwacha mtu akibishana na nafsi yake.

Alhamisi, 5 Machi

Wakala wa bima amekuja, mwanamke mrefu mwenye jalada la bluu. Alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo. Wanafunzi wameshambatiza jina: Mama Bima.

Alitandaza karatasi tatu juu ya benchi. Ya kwanza ni rahisi kuliko zote. Inamlinda mgeni akiteleza kwenye ngazi au akiangukiwa na dirisha, lakini mazoezi yenyewe haiyagusi. "Hii ni ya kumfurahisha mwenye jengo tu," alisema. Ya pili inagusa mazoezi, mradi yaongozwe na mwalimu mwenye mkanda mweusi ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati. Msaidizi naye analindwa, ila mwalimu huyo awe ndani ya chumba. Ya tatu inamlinda yeyote anayefundisha kwa ruhusa yangu, awe na mkanda wa rangi yoyote. Bei yake karibu mara mbili ya ya pili, na walimu wote tuhudhurie kwanza mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza.

"Mimi?" nikasema. "Nikafundishwe kufunga bendeji?"

"Mwalimu, hata daktari huenda."

Kisha akauliza nani wanafundisha, aandike kwenye fomu. Nikajitaja. Nikamtaja Kitinda. Akauliza cheo chake. Nikasema msaidizi, mkanda wa kahawia, hatua moja chini ya mweusi.

"Tangu lini?"

Kitinda alikuwa anafagia kwenye kona. Alijibu yeye mwenyewe, hakuinua uso: "Miaka kumi na mmoja."

Mama Bima alinitazama kama mtu anayesoma mstari asioamini. "Na wa kumpa mkanda mweusi ni nani?"

Nikasema ni mimi. Akafunga kalamu, akaeleza polepole, na naandika maneno yake hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikuyasikia. "Basi mwalimu, ukichukua ya pili, huyu dada akifundisha peke yake hana kinga hata ya uzi. Mtu akiumia, atadaiwa yeye. Mpe mkanda, ama chukua ya tatu. Na akiupata wakati wowote, niletee nakala ya cheti ndani ya siku sitini, kinga yake itahesabiwa tangu tarehe ya cheti."

Nilisema mkanda haupewi mtu kwa sababu ya makaratasi. Maneno mazuri. Niliyasema kwa sauti ya kutosha yafike kwenye kona.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Goti langu la kushoto lilijua tangu jana.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu anataka ya tatu. Alisema, "Rahisi ghali, baba. Na huyo mdogo wako unampiga danadana mpaka lini?" Nikamweleza kwamba mwalimu wangu mimi, Mungu amrehemu, aliniweka miaka minane kwenye kahawia, na ndiyo iliyoniivisha. Akasema, "Kwa hiyo wewe miaka minane inatosha, yeye kumi na mmoja haitoshi. Au kwake jiko lina moto mdogo?" Nikaenda kulala mchana.

Jumatano, 11 Machi

Nimetia sahihi ya pili. Nimeahidi kwa maandishi kwamba nitakuwa ndani ya chumba Jumanne na Alhamisi zote. Kitinda nimemwambia atapimwa mwezi wa sita, mvua zikiisha. Alisema, "Sawa kaka." Mwaka jana pia nilisema mwezi wa sita.

Jumanne, 17 Machi

Nimekaa kwenye benchi darasa zima. Wako kumi na wawili, watu wazima wote. Mmoja ni Fundi, mshona suti wa mtaa wa nyuma. Ana miaka hamsini, alikuja kwa sababu cherehani imempinda mgongo. Miezi minane sasa, na bado akitupwa huwa anatanguliza mkono chini. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalolikemea, maana sisi hatuanzi kufundisha kutupa, tunaanza kufundisha kuanguka.

Kitinda hakemei. Alilala chini kando yake, akaanguka naye, mara kumi, mara ishirini, mpaka Fundi akacheka na mkono ukaanza kupiga mkeka ubavuni kama inavyotakiwa. Mimi ningempigia kelele. Sijui huu ufundishaji aliupata wapi. Kwangu hakuupata.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekaa benchi. Goti.

Jumanne, 24 Machi

Nimekaa benchi. Mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole na kumwita Kitinda "mwalimu". Akageuka, akanitazama kwanza, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Kisha akajibu swali lake. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nami ni peku.

Alhamisi, 2 Aprili

Dari inavuja juu ya kona ya dirisha. Tumesogeza mikeka. Mke wangu anasema niite fundi wa paa kabla sijaitiwa wa nyumba nzima. Mwenye jengo anasema paa ni langu. Bima ameikumbuka, paa kalisahau.

Jumanne, 7 Aprili

Sikupanda. Nilikaa kwenye mgahawa wa chini na chai, nikisikia vishindo vyao juu ya kichwa changu. Kuna ngazi thelathini na nne na goti limevimba. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Kitinda. Si ya uongo, ila haikuwa peke yake.

Alhamisi, 9 Aprili

Chai tena.

Jumanne, 14 Aprili

Chai. Mvua haikatiki. Turubai linalofunika mikeka na kuibana pamoja limelowa, nimelitoa likauke kwenye uzio.

Alhamisi, 16 Aprili

Kitinda alinipigia simu saa saba kutoka duka la nakala. "Kaka, turubai bado bichi. Mikeka bila turubai inaachana. Tuahirishe leo." Nikamwambia mvua haijawahi kufunga judo tangu nifungue milango. Akasema, "Basi njoo uwepo." Nikasema nitakuja.

Nilikuja. Nilifika mgahawani. Niliagiza chai kwanza, mvua ikipungua nipande. Nilisikia wakihesabu, nikasikia wakipiga makofi, mtu kafanya vizuri. Nikasema nimalize kikombe. Halafu kishindo kimoja, na baada yake kimya. Nimeishi na vishindo maisha yangu yote. Baada ya kishindo huwa kuna kicheko au mguno, mtu ananyanyuka, anafunga mkanda upya. Hapakuwa na kitu.

Nilipanda ngazi zote thelathini na nne na sikumbuki goti. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, uso wake rangi ya majivu. Alitupwa na mwenzake, si vibaya, mtupo wa kawaida wa nyonga. Hofu ikamrudia, akatanguliza mkono, na mkono ukaingia kwenye mwanya kati ya mikeka miwili, mwili ukaja juu yake. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimegeuka upande usio wake. Kitinda alikuwa amepiga magoti kando yake, ameufungia mkono juu ya ubao wa kuandikia kwa mikanda miwili, ameufunga vizuri kuliko ambavyo ningeufunga mimi. Alikuwa anamwambia, "Nitazame mimi, Fundi. Usiutazame. Nitazame mimi."

Nilisimama mlangoni, kikombe bado mkononi. Wanafunzi kumi na mmoja waligeuka wakanitazama. Kitinda hakugeuka.

Ijumaa, 17 Aprili

Hospitalini. Mifupa miwili imevunjika. Plasta wiki sita, halafu mazoezi. Fundi hakulalamika. Alisema tu, kama anayejihesabia, "Mkasi naushika kwa huu." Mkewe alisimama dirishani akitupa mgongo.

Gharama za hospitali nimezibeba, hilo si la kujisifu. Lakini ana oda za suti mpaka mwezi wa sita, kashapokea malipo ya awali, na hana wa kumshikia mkasi.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama Bima amekuja. Hakuuliza kama nilikuwepo, aliwauliza wanafunzi, nao wote waliona kikombe. Alikaa kwenye benchi langu akasema, "Mwalimu, siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hawatalipa. Na Fundi akienda kwa wakili, jina la kwanza kwenye madai ni la dada, ndiye aliyeongoza." Kitinda alikuwa kazini. Nilishukuru kwa hilo, halafu nikaona aibu kushukuru.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Labda awe alishapata mkanda kabla ya siku ile, mkasahau kuniletea nakala." Sijui kama alinipa njia au alinipima. Alivaa viatu akaenda.

Jumanne, 21 Aprili

Lazima niandike hili lote.

Asubuhi nilitoa cheti kwenye kabati. Ninavyo sita vitupu, vyenye mhuri. Nikaandika jina lake kamili kwa mwandiko wangu bora. Nikaandika daraja la kwanza, mkanda mweusi. Nikaandika tarehe 28 Februari. Nikachukua na mkanda mpya, mweusi, ambao umekaa kwenye droo yangu miaka minne. Nitaeleza kwa nini miaka minne.

Alasiri nilimkuta nyumbani kwake anafua. Nikaviweka juu ya meza. Alipangusa mikono kwa gauni kwanza, pande zote mbili, ndipo akakishika cheti. Niliona uso wake ukifunguka. Naapa nilimwona kama alivyokuwa na miaka tisa siku nilipomfundisha kuanguka kwenye godoro la mama. Hilo lilidumu mpaka macho yake yalipofika kwenye tarehe.

"Februari?" akasema.

Nikamweleza. Siku sitini. Nakala. Kinga yake. Nikasema, "Ni kwa ajili yako, Kitinda. Wasije wakakudai wewe."

Alikirudisha mezani taratibu, akakinyoosha kisijikunje. "Kaka, miaka kumi na mmoja umeninyima kwa haki, leo unanipa kwa wizi?"

"Si wizi. Ulistahili Februari. Ulistahili zamani."

"Zamani lini?"

Nikausogeza mkanda karibu yake.

"Niambie, maana mimi najua siku. Nataka kusikia kama na wewe unaijua."

Ninaijua. Ni miaka minne iliyopita, Jumamosi, mbele ya wanafunzi wote. Tulikuwa tunaonyesha mfano. Mimi nilitakiwa nimtupe, yeye akanitangulia, akaingia chini ya kiuno changu, nikaona dari. Mtupo safi kuliko wowote niliowahi kupigwa. Nilinyanyuka nikacheka, nikawaambia wanafunzi nimeteleza. Kitinda aliinama kwa heshima, akasema, "Pole kaka, mkeka umelowa." Mkeka ulikuwa mkavu. Jioni ile nilinunua mkanda mweusi nimpe, nikautia kwenye droo, na kila nilipofungua droo nilisikia mgongo wangu ukigonga chini. Nikaifunga. Ndiyo hiyo sababu, hakuna nyingine. Mwalimu wangu marehemu nimemsingizia bure.

Niliijua siku ile na bado sikuitaja mbele yake. Nilisema, "Si wakati wake sasa." Yeye akachukua beseni akaenda kuanika. Mkanda na cheti nilirudi navyo, cheti nikakichana njiani.

Jumatano, 22 Aprili

Nimejiuguza goti. Haliumi.

Alhamisi, 30 Aprili

Barua ya bima imekuja: hawalipi. Sentensi moja imepigiwa mstari, ile ya mwalimu kuwa ndani ya chumba. Sahihi yangu iko chini yake.

Jioni tulikwenda kwa Fundi, mimi na Kitinda. Nilikuwa nimejiandaa: nitaomba radhi, nitasema turubai nililitoa mimi, nitaahidi kulipa kidogo kidogo. Niliyasema yote. Mke wa Fundi alisikiliza akauliza, "Na suti nani atazikata? Wewe?" Fundi alitazama plasta yake.

Kitinda akasema, "Mimi natoka kazini saa nane. Nina mikono miwili. Unielekeze, Fundi, niwe mkono wako mpaka wako upone."

"Unajua kushona?"

"Sijui. Lakini nikifundishwa nashika."

Nilitaka kusema kitu, kwamba hilo si lake kubeba, lakini mke wa Fundi alishasogeza kiti.

Jumanne, 5 Mei

Nimefundisha darasa la wanaoanza mwenyewe. Nimepiga kelele. Walikuja saba.

Jumanne, 12 Mei

Walikuja watano. Mmoja aliuliza, "Mwalimu atarudi lini?" Nikasema mimi niko hapa. Akasema, "Ndiyo, samahani," akatazama chini.

Jumapili, 17 Mei

Nimemaliza siku mbili za huduma ya kwanza. Nilikaa mstari wa mbele kati ya dereva wa basi la shule na msichana wa miaka kumi na minane anayefundisha kuogelea. Mkufunzi aliifungua bendeji niliyofunga mbele ya wote akasema, "Mzee, hii ingemkatia mtu damu isipite." Nyani haoni kundule. Miaka thelathini nimekuwa nikifunga watu vibaya, nao wakinishukuru.

Kesho nampelekea Mama Bima fedha ya karatasi ya tatu.

Jumatatu, 18 Mei

Nimetia sahihi ya tatu. Yeyote ninayemruhusu analindwa sasa, mkanda wowote. Mama Bima aliuliza aandike majina ya nani. Nikasema langu, na la mdogo wangu. "Amekubali?" Nikasema nitamuuliza. Akaliandika kwa penseli.

Jumanne, 26 Mei

Mvua imepungua. Watatu.

Alhamisi, 28 Mei

Fundi amefunguliwa plasta. Mke wangu ndiye aliyeniambia, kakutana na mkewe sokoni. Anasema mkono umekonda lakini vidole vinacheza. Basi deni la Kitinda limeisha, nikasema. Mke wangu akanitazama akasema, "Deni la Kitinda?" Nikajirekebisha.

Nimeandika cheti kingine. Nimeacha nafasi ya tarehe.

Jumamosi, 6 Juni

Leo jua limetoka tangu asubuhi. Nilijaza tarehe ya leo, nikachukua mkanda, nikaenda kwa Fundi. Njiani nilirudia maneno yangu: Jumamosi ile sikuteleza. Hayo kwanza, ndipo mengine.

Duka ni dogo, meza ya kukatia inachukua nusu yake. Fundi alikuwa amekaa pembeni, mkono wa kulia mapajani, anafinya mpira wa mazoezi. Kitinda alikuwa mezani, utepe wa kupimia shingoni, chaki nyuma ya sikio. Mteja alikuwepo, mzee nadhifu, ameleta kitambaa chake cha sufu cha suti ya kumwozea binti yake. Alimwambia Fundi, "Hiki nilikihifadhi miaka mingi. Nitasubiri mkono wako upate nguvu. Sitaki kikatwe na mtu mwingine."

Fundi alisema, bila kuinuka, "Mpe huyo. Nimekaa naye wiki tano. Anajua."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja saa. Mzee alimtazama Kitinda, akamtazama Fundi, akakiachia kitambaa.

Kitinda aliniona hapo. "Karibu kaka," akasema. "Kaa, kiti hicho." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinitisha.

Nikasema sikai, nimemletea kitu. Nikaweka mkanda na cheti mezani. Nikasema, "Tarehe ni ya leo. Na Jumamosi ile sikuteleza, Kitinda. Ulinitupa. Mkeka ulikuwa mkavu." Nilisema mbele ya Fundi na mbele ya mzee nisiyemjua. Nilitaka wasikie.

Alikisoma cheti mpaka kwenye tarehe. Alitikisa kichwa kukubali. "Asante kaka," akasema, na ninajua alimaanisha. "Nilikuwa nakusubiri uliseme."

"Bima imebadilika. Jina lako nimeliweka. Utarudi Jumanne?"

Aliangalia kitambaa, akakilaza vizuri kwa kiganja, kikafika mpaka pale nilipoweka vitu vyangu. "Jumanne tuna suti mbili," alisema. "Fundi ameniomba nibaki, nami nimekubali tangu juzi."

Kisha akausogeza mkanda ukingoni mwa meza, na cheti juu yake, kwa uangalifu, kitambaa kipate nafasi. Akashika mkasi. Nilisimama pale nikimtazama akikata, mstari mmoja mrefu ulionyooka, mpaka alipofika mwisho, na mzee yule akasema, "Hee, mkono huo," kwa furaha, kwa mtu aliyemjua kwa dakika kumi.